Bastola ya Shabaha: Mura, Usikurupuke!

 Mafua ya Tarime bado hayajaniachia. Nilikuwa huko wiki mbili, nikizunguka kuanzia Tarime mjini hadi Mugumu kule Serengeti, na kama hujawahi kufika usije ukadhani Mara yote ni joto la ziwani kama Musoma. Asubuhi pale milimani unatoka nje na blanketi begani kama mzee wa ng'ombe, na hakuna anayekucheka.

Safari yenyewe ilikuwa ya mambo ya kifamilia, sitakuchosha nayo. Kilichonifanya nishike kalamu ni kijana mmoja wa miaka 27, mwenye duka la spea za pikipiki, ambaye alinitambua kwa jina nilipoingia kununua kebo ya klachi ya pikipiki niliyoazimwa. Kumbe ni msomaji wa safu hii! Tukapiga stori za viatu, za muziki, za simu, mwisho akafunga droo ya hela, akanisogelea na kuniambia: "Kaka, wewe kila wiki unatuchagulia viatu na saa. Nichagulie bastola."

Nikacheka. Yeye hakucheka.

Akatoa simu na kunionyesha picha. Ilikuwa bastola nyembamba, mtutu mrefu kidogo, ya rangi ya fedha, kwa kweli inapendeza. Akaniambia alipokuwa JKT ndipo alipoonja utamu wa kulenga shabaha, na tangu arudi uraiani hamu haijamtoka. Hataki bastola ya kutembea nayo kiunoni baa. Hataki ya kutishia wadeni. Anataka kalibari ndogo, inayojikoki yenyewe, isiyokwama, akae Jumapili jioni atoboe makopo. Basi.

Mpaka hapo nilikuwa naye. Kulenga shabaha ni mchezo kama mchezo mwingine. Bastola imo kwenye Olimpiki tangu ile ya kwanza kabisa ya mwaka 1896 pale Athens, na kina dada walipewa shindano lao la bastola ya mita 25 mwaka 1984. Wanatumia kalibari hiyohiyo anayoitaka mshikaji wangu, yaani pointi ishirini na mbili, ambayo kwa vipimo vyetu ni milimita 5.6. Kwenye mzunguko wa taratibu, duara la alama kumi pale mita 25 lina upana wa sentimita 5 tu, kama mdomo wa glasi ndogo ya chai. Na wanapiga kwa mkono mmoja! Halafu kuna wanaume wa shindano la haraka, risasi tano kwenye shabaha tano, mara ya kwanza kwa sekunde 8, kisha 6, kisha 4. Jaribu kuhesabu mpaka nne uone kama vidole vyako vinatosha.

Sasa kasheshe likaja aliposhusha sauti. Kuna jamaa huko Sirari, akasema, anayo moja. Bei ya pikipiki chakavu. Haina karatasi, lakini "ni nzima kabisa, kaka".

Nikamwambia funga duka twende tukanywe chai.

Ngoja nianze na lile aliloniuliza, maana swali la kistaarabu hujibiwa. Kwa nini pointi ishirini na mbili? Kwa sababu haina fujo. Risasi yake ya kawaida ina uzito wa gramu 2.6 tu. Haipigi teke mkononi, kelele yake ni ndogo kuliko ya milimita 9, na kila nchi inakouzwa huwa ndiyo risasi rahisi kuliko zote, kwa hiyo unaweza kupiga nyingi bila kuuza ng'ombe. Mtu anayejifunza na bastola kubwa mara nyingi hufumba macho kabla haijalia. Ukishazoea kufumba macho, kuacha ni kazi kubwa kuliko kuacha sigara.

Lakini kidude hiki kina tabia yake, na hapa ndipo neno "isiyokwama" linapotakiwa kufafanuliwa. Risasi za bastola kubwa zina fataki yake katikati ya kitako cha ganda. Ya pointi ishirini na mbili haina. Ile dawa inayolipuka imepakwa ndani ya ukingo, kuzunguka kitako chote, na pini ya bastola inakuja kuponda ukingo huo. Kiwandani dawa isipoenea sawasawa, pini ikaangukia pale penye upungufu, utasikia "tak!" halafu kimya. Kwa hiyo ukisikia mtu anajisifu kwamba ya kwake haijawahi kugoma hata siku moja, ujue ama hapigi sana ama ni mwongo.

Ndiyo maana wajuzi hawaanzi kuuliza bastola gani, huanza kuuliza risasi gani. Bastola ndogo inayojikoki inategemea nguvu ya risasi yenyewe kusukuma bolti nyuma, kutoa ganda na kuvuta risasi mpya. Risasi ikiwa dhaifu mno, bolti hairudi vizuri, ganda linabanwa nusu ndani nusu nje. Ukilisha bastola ya mashindano risasi kali mno, nayo inaumia. Kuna bastola inayopenda risasi za kampuni moja na kuzisusa za nyingine kama mtoto anayechagua uji. Kanuni ni kujaribu aina mbili tatu, na kabla hujasema "hii ni ya kuaminika" uwe umepiga angalau boksi nne za risasi hamsini hamsini bila vituko.

Kitu cha pili ambacho vijana hawakitazami ni magazini. Wanatazama mtutu, wanatazama rangi, wanasahau kile kibati cha risasi. Midomo ya magazini ikipinda kidogo tu, risasi inaingia na pua juu na inagonga ukuta. Asilimia kubwa ya kukwama ni hapo. Nunua bastola ambayo magazini zake za ziada zinapatikana, uwe na mbili au tatu, na uziwekee alama ya rangi. Ikikwama utajua mkosaji ni nani.

Majina? Haya, najua mnayataka. Ruger wa Marekani alianza biashara yake mwaka 1949 kwa bastola ya pointi ishirini na mbili, na uzao wake umefika toleo la nne lililotoka mwaka 2016. Mtutu wake umetulia, bolti inacheza ndani ya bomba, na sifa yake ni uvumilivu. Matoleo ya zamani yalikuwa na ugonjwa mmoja: kuyafungua ni rahisi, kuyarudishia unaweza kulia. Toleo la nne linafunguka kwa kubonyeza kitufe kimoja. Kwa mtu wa Tarime ambaye hana fundi wa jirani, kitufe hicho kina thamani kuliko urembo wote. Browning nao wana Buck Mark tangu mwaka 1985, triga yake tamu sana. Smith & Wesson Model 41 ya mwaka 1957 ni ya wenye nazo, sahihi mno lakini inachagua risasi. Pardini ya Italia ni ya watu wa medali, sitaki hata kuizungumzia, ni kama kununua Ferrari uendeshe barabara ya vumbi. Na kuna zile ndogo nyepesi kama Walther P22, zinazokaa vizuri mfukoni na kwenye picha. Kwa shabaha wepesi si sifa. Bastola nzito kidogo, yenye mtutu wa kama sentimita 14, inatulia mkononi. Nyepesi inatetemeka na mapigo ya moyo wako.

Ukiishika dukani (kwa muuzaji mwenye kibali, tunaelewana?), jambo la kwanza ni kuhakikisha haina kitu. Toa magazini, vuta bolti, tazama chemba kwa macho, ingiza na kidole. Halafu funga macho, inyooshe ukutani pasipo na mtu, fungua macho. Saiti ya mbele imekaa katikati ya ile ya nyuma? Kama imekaa, kitako kinaendana na mkono wako. Kama unalazimika kupinda kiwiko, hiyo ni ya mwenzio. Na usiwe mwepesi wa kuivuta triga ikiwa tupu bila kumuuliza muuzaji. Kuna aina, hasa za zamani, ambazo pini inagonga ukingo wa chemba na kuuharibu, na hapo ndipo kugoma kunapoanzia.

Nikaona mshikaji anaandika kwenye karatasi ya risiti. Roho ikaniuma kidogo, maana nilijua ninachokwenda kumwambia baada ya hapo.

Chai yenyewe tulikwenda kuinywea kwa mjomba wake, mwendo wa pikipiki upande wa Nyamwaga. Mzee aliwahi kuwa mwanajeshi, kama walivyo wazee wengi wa huku, maana Wakurya wamejaa jeshini tangu enzi za KAR za Mwingereza. Alikwenda vita vya Uganda vya 1978 na 1979. Kijana alimsalimu kwa adabu zote, mimi nikafuata, tukapewa viti. Nyuma ya nyumba kuna shina la mgomba lililosimamishwa kwenye kichuguu, limejaa matundu. Ndipo mzee anapopigia mishale.

Kumbe familia nzima ni ugonjwa wa shabaha!

Nikamweleza mzee hoja ya kijana wake, nusu nikitegemea atakasirika. Hakukasirika. Aliingia ndani akatoka na uta, akampa kijana. Kijana akauvuta, ukamshinda kufika shavuni. Mzee akasema, "Uta ni wa mkono wako. Huu ni wa mkono wangu. Umekuja kuuliza bunduki wakati uta hujapimiwa." Basi akaketi, akaendelea na chai yake. Mimi nimesoma makala za bastola kibao na sijaona iliyosema jambo la kitako na mkono kwa ufupi namna hiyo.

Halafu tukaja kwenye Sirari. Hapo mzee ndipo alipobadilika sura. Alisema kabla ya vita wizi wa ng'ombe ulikuwa wa mikuki na mishale, watu waliumia lakini walihesabika. Baada ya vita bunduki zikaonekana vijijini. Hilo si la mzee peke yake. Mmarekani mmoja, Michael Fleisher, aliyefanya utafiti Tarime katika miaka ya 1990 na kutoa kitabu kuhusu wizi wa mifugo wa Wakurya mwaka 2000, naye ameeleza jinsi silaha zilizotokana na vita ile zilivyougeuza wizi wa mifugo kuwa biashara ya mauaji. Kwa hiyo mtu akikuambia "nina kitu cha kishkaji, hakina karatasi," hapa si sawa na kuambiwa hivyo kwingineko. Silaha isiyo na karatasi ina historia ambayo wewe huijui na polisi wanaweza kuwa wanaijua. Ganda lake huenda liko kwenye bahasha ya ushahidi kituo fulani. Unanunua kwa bei ya pikipiki chakavu, unarithi kesi ya mtu.

Na sheria yenyewe si ya mchezo. Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 inataka mwenye leseni awe ametimiza miaka 25, awe na cheti cha umahiri, na maombi yapite kwenye ngazi zake, kuanzia huku chini kwa viongozi wanaokujua na kamati za ulinzi na usalama, kupanda hadi polisi juu. Watasema una akili timamu au ni mtu wa kupiga wenzako chupa. Kukutwa na silaha bila leseni kunaangukia kwenye uhujumu uchumi, na huko watu wanakwenda miaka 20. Hesabu mwenyewe: una 27, utatoka na 47, duka la spea atakuwa analiendesha nani?

Serikali imewahi kutoa msamaha, mwaka 2022 na tena 2023, mwezi Septemba na Oktoba, watu wasalimishe silaha haramu kwa hiari bila kushitakiwa. Kijana akadakia, "Si nitanunua halafu nisubiri msamaha?" Nikamtazama mjomba wake, mjomba akanitazama mimi. Kuna maswali hayajibiwi, msomaji.

Tuseme basi umefuata njia ya haki, una leseni, una bastola yako, una boksi la risasi. Unakwenda kupigia wapi?

Hili ndilo lililoninyima usingizi, kuliko hata jamaa wa Sirari. Ile risasi ndogo unayoidharau, ukiinyanyua mtutu kidogo inaweza kuruka zaidi ya kilometa moja. Kwenye maboksi yake wanaonya kabisa. Sasa simama juu ya kilima chochote cha Tarime utazame chini: migomba, nyumba, mtoto na mbuzi, mama na kuni, nyumba tena. Hakuna nafasi tupu ya namna hiyo. Na risasi ya risasi (samahani kwa Kiswahili hiki, nina maana ya ile iliyotengenezwa kwa madini ya risasi) ikigonga jiwe inadunda, na Tarime mawe ndiyo wenyeji. Kwa hiyo ile picha ya makopo juu ya jiwe, jua linazama, isahau. Unahitaji ukuta wa udongo laini, mrefu kukuzidi, kiwanja kilichokubaliwa na polisi, na majirani wanaojua kwamba mlio wa Jumapili jioni ni wewe na si wevi wa ng'ombe. Maana huku mlio wa bunduki una majibu yake. Mtu anapuliza filimbi, kijiji kinatoka na silaha, na hawaji kukuuliza umepata alama ngapi.

Upande wa Serengeti ndiyo usijaribu kabisa. Nilipofika Mugumu kuna mshikaji aliyeniambia mbele ya Robanda kuna nafasi tele. Nafasi ipo ndiyo, lakini nafasi hiyo ina wenyewe: hifadhi, mapori ya akiba, eneo la jumuiya ya Ikona. Mahakama ya Mugumu imeshafunga watu waliokutwa hifadhini na panga na nyaya za kutegea, hizo tu zinahesabika silaha. Wewe ujitokeze na bastola na boksi la risasi, uwaambie askari wa wanyamapori kwamba unapiga makopo! Nani atakuelewa?

Nimeulizia kiwanja cha raia cha kulengea shabaha Tarime na Mugumu, sikupata wa kunionyesha. Kwa jirani zetu Wakenya kuna kile cha Kirigiti, Kiambu, ambako wenye leseni wanashindana. Lakini usije ukavuka Sirari na bastola kwenye begi ukasema unakwenda mashindanoni. Kila nchi na vibali vyake.

Nyumbani nako kuna kazi. Bastola inakaa kwenye sanduku la chuma lililofungiwa ukutani, risasi mahali pengine, ufunguo usijulikane na mtoto wala shemeji. Kwenye kulenga, masikio uyazibe na macho uyavalishe miwani, hata kama ni kidude kidogo. Ikigoma usiigeuze kuitazama mdomoni. Iache imeelekea shabaha, hesabu nusu dakika, ndipo uitoe risasi. Na ukisikia mlio hafifu kama wa mtu anayekohoa, simama papo hapo, toa kila kitu, tazama mtutu, huenda risasi imebaki humo ndani na ya pili itaupasua. Ukimaliza, nawa mikono kabla hujashika ugali, madini ya risasi ni sumu. Bastola nayo uisugue, maana pointi ishirini na mbili ni chafu, ina nta na masizi. Mafuta weka kidogo. Vumbi la huku likikutana na mafuta mengi linakuwa msasa.

Tuliagana kwa mzee jioni. Kijana alibaki nyuma akijaribu tena ule uta, safari hii ukafika kidevuni. Mshale ukapita pembeni ya mgomba kama hatua moja. Mzee hakusema kitu, alinyanyua tu kikombe.

Nimerudi mjini na mafua yangu. Juzi usiku simu ikaingia ujumbe kutoka Tarime. Yule wa Sirari ameachana naye, anasema, namba yake ameifuta. Amekwenda kwa mtendaji wake kuulizia fomu. Mtendaji hakumfukuza, alimkalisha, akamuuliza swali moja tu: "Hiyo shabaha utapigia wapi?"

"Kaka," ameniandikia, "nimjibu nini?"

Sijamjibu bado. Kama wewe msomaji wa Tarime, Rorya au Mugumu unajua eneo lenye ukuta wa udongo na mwenyewe anayekubali kwenda kuliombea kibali, niandikie kupitia anwani ya gazeti.